Chama cha Meno

Ndegwa alikuwa na bucha nyuma ya nyumba za zamani za reli mjini Nakuru, na mwaka ule biashara ilikuwa imelala fofofo. Asubuhi alitundika mguu wa ng'ombe dirishani, jioni akauteremsha ukiwa umepungua kidogo tu, kama mtu aliyekonda kwa mawazo. Watu wa mtaa walipita, wakautazama ule mguu, wakamsalimu mwenyewe, kisha wakaenda zao kununua sukuma wiki.

Ndani mlikuwa na jiko la kuchomea na benchi za wateja. Mchomaji wake, Makokha, alikuwa mtu mzima mwenye mke na watoto, na katika mitaa ile yote hapakuwa na aliyeujua moto kama yeye. Lakini moto bila nyama ni joto tu. Ndegwa alikuwa amekata shauri kwamba mwezi ukiisha atamwambia atafute kazi kwingine. Hakujua atamwambiaje, basi akawa anamkaripia kidogo kila siku, ili siku yenyewe ikifika isimshtue. Makokha naye alidhani tajiri wake anaumwa na tumbo, akawa anamchemshia tangawizi.

Jirani yake alikuwa Obura, muuza uji na chai. Obura alizaliwa humo humo katika nyumba za reli, kwani babu yake alikuja kutoka upande wa ziwa kupaka mabehewa rangi, na ukoo haukurudi tena. Vibanda vyao viligusana, na kati yao palikuwa na kidirisha ambacho kazi yake kubwa ilikuwa kupitisha malalamiko.

Asubuhi moja redio ya Obura ikatangaza kwamba wazee wengine wengi wataingizwa katika ile pesa ya serikali ya kila mwezi, pesa za wazee.

"Umesikia hiyo?" Ndegwa akauliza kupitia kidirishani. "Mimi nalipa laisensi ya kaunti. Nalipa ya afya. Nalipa mtu wa kukagua mizani. Hata kiberiti nikinunua kuna ushuru ndani yake. Halafu hiyo pesa inachukuliwa, anapewa mtu ameketi kwake anaota jua."

"Ni kumwaga maji kwa mchanga," Obura akasema.

"Na kama wangekuwa wanakuja kununua kitu, sawa. Lakini mtu wa miaka hiyo hata ladha ya nyama ameshasahau."

"Sijasahau," sauti ikasema mlangoni.

Alikuwa ni Mama Achola, mjane wa nyumba ya tatu, ambaye alifua mashuka ya hosteli ya reli tangu ujana wake mpaka hosteli yenyewe ikafungwa. Alikuwa amekuja na bakuli lake kununua mifupa ya supu, kama ilivyokuwa desturi yake.

"Ladha naikumbuka vizuri sana," alisema. "Nikilala naiota. Lakini niambie, Ndegwa kijana yangu, hiyo nyama nitaitafuna na nini? Na kope?"

Akafungua kinywa chote. Meno yaliyobaki humo mtoto wa chekechea angeyahesabu bila kukosea, na hayakuwepo hata mawili yaliyotazamana.

Ndegwa aliona haya mpaka masikio. Alimwongezea mfupa mmoja wenye uboho, akakataa pesa ya ule mfupa. Lakini maoni yake hakuyabadilisha. Mama Achola alipokwisha kuondoka aliinama kidirishani, akamwambia Obura kwa sauti ya chini, "Sikusema uongo lakini. Si umeona? Mifupa."

Mama Achola alikuwa miongoni mwa wale wapya, na pesa yake ya kwanza ilipofika ilikuwa ya miezi kadhaa iliyokusanyika. Majirani walimpangia matumizi. Mmoja alisema blanketi, mwingine akasema bati la jikoni, maana lile la zamani lilikuwa likivuja. Mama Achola aliwashukuru wote, akavaa viatu, akaenda mjini hadi kwenye duka moja la vitambaa karibu na soko, akapanda ngazi za kando.

Juu ya duka lile kulikuwa na chumba cha Pranav, fundi wa meno ya kubandika. Babu yake ndiye aliyelianzisha lile duka la vitambaa, na binamu zake ndio waliokuwa wakiliendesha. Pranav peke yake ndiye aliyependa meno. Alikuwa na mikono ya mtu anayetengeneza saa, ila wateja hakuwa nao. Wenye pesa walikwenda Nairobi. Wasio na pesa walifunika kinywa kwa kiganja wakicheka. Mwenyewe alikuwa ameanza kuulizia kazi Nairobi, na vyombo vyake vingine alikuwa ameshavitia kwenye maboksi.

Mama Achola aliuliza bei ya seti nzima. Alipotajiwa, aliketi pale pale kwenye ngazi.

Pranav alimletea maji. "Pole, mama. Nikipunguza zaidi ya hapo nakula hasara. Dawa ya kuyaumbia inauzwa kwa mkebe mkubwa. Nikiufungua kwa mtu mmoja, inayobaki inaharibika."

Mama Achola akanywa maji, akafikiri. "Na tukiwa wengi?"

"Wengi wa nini?"

"Wasio na meno. Huko kwetu hatuadimiki, kijana yangu. Ukitaka wa kujaza mkebe wako, utawapata."

Hivyo ndivyo kilivyozaliwa Chama cha Meno. Wazee wa nyumba za reli walikuwa na vyama tangu zamani, vya mazishi, vya sufuria, vya kuku wa Krismasi. Safari hii waliopata pesa za wazee walikubaliana kwamba kila zikiingia, kila mmoja atatoa sehemu, na wawili watakaopigiwa kura wataenda kwa Pranav kupimwa. Pranav naye akashusha bei, kwa sababu mkebe mmoja sasa ungetosha seti kadhaa na hakuna kitakachomwagwa.

Obura alizipata habari hizo kabla ya mtu yeyote, naye akazipitisha kidirishani. Ndegwa alicheka mpaka akashika meza ya kukatia.

"Blanketi ningewaelewa," alisema akijipangusa macho. "Unga ningewaelewa. Meno? Kweli hizo pesa zimepata wenyewe."

Kura ya kwanza ilimwangukia Mama Achola, na hakuna aliyenung'unika, maana wazo lilikuwa lake.

Basi siku moja mchana Mama Achola akaja buchani, na safari hii hakusimama dirishani. Aliingia ndani, amefunga kilemba chake cha kanisani, akaketi benchi ya mbele. Ndegwa alikuwa ameshaanza kutafuta mifupa.

"Robo kilo ya mbavu," Mama Achola akasema. "Ya kuchoma. Na ugali."

Akatabasamu. Ndegwa hakujua aangalie wapi. Lilikuwa tabasamu la mwanamke wa miaka arobaini kwenye uso wa miaka sabini na kitu.

Makokha alipuliza makaa kana kwamba rais amefika. Akazichoma zile mbavu taratibu, akazigeuza, akazinyunyizia maji ya chumvi, kisha kwa heshima akaanza kuzikatakata vipande vidogo vidogo.

"We Makokha," Mama Achola akamwambia. "Haya meno nimelipia. Usinikatie kama mtoto."

Makokha akaacha kisu. Mama Achola akachukua ubavu mzima kwa mikono miwili. Obura alikuwa ametoa kichwa chote kidirishani, na wapita njia wawili walisimama mlangoni. Akauma. Akavuta. Nyama ikaachana na mfupa, akaitafuna polepole upande huu, akaihamisha upande ule, macho ameyafumba. Kisha akafungua macho, akamtazama Ndegwa.

"Imekosa chumvi," alisema, "lakini ni yenyewe."

Baadaye ilijulikana kwamba Pranav alikuwa amemwagiza aanze na ndizi kwa wiki moja. Alipoulizwa, Mama Achola alisema ndizi amekula miaka mingi, anazijua.

Pesa zilizofuata zikaleta wawili wengine, na zilizofuata tena wawili. Wenye meno walikuja na wasio na meno wakawasindikiza, na msindikizaji huwezi kumwacha akodoe macho, basi wakaagizwa supu na maini laini. Mabinti wakaja na mama zao siku za malipo, wajukuu wakaletwa Jumapili. Wiki ile pesa zinapoingia, benchi zilijaa, na Ndegwa akalazimika kuchonga nyingine. Mwisho wa mwezi ulifika ukapita, ukafika mwingine ukapita, na yale maneno ya Makokha kutafuta kazi kwingine hayakusemwa. Hata karipio liliisha. Makokha akaona tumbo la tajiri limepona, akaacha tangawizi.

Ng'ombe wake Ndegwa aliwanunua kwa Cheptanui, mama mmoja wa Olenguruone, huko juu kwenye baridi ya Mau. Zamani alichukua ng'ombe mmoja na kumaliza naye siku nyingi. Sasa alianza kupiga simu kabla ya wakati. Mara ya tatu Cheptanui alishindwa kujizuia, akashuka Nakuru mwenyewe pamoja na lori la mifugo, mabuti yake yamejaa tope, akasimama mlangoni pa bucha akitazama.

"Ndegwa, niambie ukweli. Mmepata nini huku? Kuna harusi?"

"Hakuna harusi."

"Kuna nini sasa?"

"Kuna meno," Ndegwa akasema.

Ikabidi aelezwe mwanzo mpaka mwisho, na Cheptanui akacheka mpaka akaomba kiti. Alikula, akalipwa, na kabla ya kupanda tena milima alipitia maduka ya mjini, akanunua mabati ya zizi, dawa ya kuogeshea mifugo na mabuti mapya. Fundi wa kuezeka zizi, alisema, amekwisha kumpata, kijana wa jirani aliyekuwa hana kazi.

Si kila mtu alifurahi. Obura alipoteza wateja wa uji. Wazee waliokuwa wakimwendea kila asubuhi kwa sababu uji hauhitaji meno sasa waliupita na kwenda kutafuta mahindi ya kuchoma. Alinuna wiki nzima. Halafu akaanza kupika githeri na mandazi magumu ya kutafunwa na chai, na kwa kuwa waliokula nyama kwa Ndegwa walitaka kitu cha kushushia, sufuria lake la chai likaanza kuchemka mpaka jioni.

"Sasa utasema nini kuhusu hizo pesa za wazee?" akamwuliza Ndegwa siku moja.

"Hii ni jasho langu," Ndegwa akasema. "Nimebadilisha chumvi."

Na kweli alikuwa ameibadilisha, tangu siku ile ya Mama Achola, kwa hivyo hakujiona kuwa amesema uongo.

Kisha mwezi mmoja pesa hazikuja. Hakuna aliyeshtuka, kwa kuwa kuchelewa walikuwa wamekuzoea. Mwezi wa pili hazikuja vilevile. Ikasemekana wazee wote wanaandikishwa upya, kwa vidole, na ambaye hajaandikishwa hatapata kitu. Wengi hawakuwa wamesikia, na waliosikia hawakujua waende wapi.

Ndegwa aliyaona mambo kwanza kwenye benchi. Ile aliyoichonga ilikaa wazi, halafu ya katikati, halafu zote. Mguu ukarudi kuning'inia dirishani siku nzima. Asubuhi moja Mama Achola akaja na bakuli lake, akasimama nje.

"Mifupa," alisema. Akatabasamu kwa yale meno mazuri, na hilo ndilo lililomchoma Ndegwa zaidi. Meno yapo, ladha ipo, nyama hii hapa, na mama anarudi kwa mifupa.

Alimpigia Cheptanui kumwambia kwamba wiki ile hatachukua ng'ombe.

"Na ijayo?" Cheptanui akauliza.

"Sijui, mama. Sijui kabisa."

"Basi acha nimwambie yule kijana wa zizi asimame kwanza," Cheptanui akasema.

Kesho yake Pranav akafika buchani. Ndegwa alikuwa akimjua kwa jina tu, na alishangaa kumwona, maana Pranav na jamaa zake hawali nyama. Aliingia kwa uangalifu, akiupita ule mguu kwa mbali, akaketi kwenye ncha ya benchi. Mkononi alikuwa na mfuko, na ndani ya mfuko visanduku vyeupe, kila kimoja kimeandikwa jina.

"Haya ni meno ya watu," alisema. "Yako tayari. Nimekopa nikanunua dawa, nimemwajiri msichana wa kunisaidia kusugua, anaitwa Fancy, anaweza sana. Sasa wenye meno hawaji. Nikaona nije kwako."

"Kwangu kufanya nini?"

"Sijui. Wewe ndiye mtu mwingine ambaye amepotelewa na wateja wale wale." Akacheka kidogo, kwa aibu. "Boss, mimi sijaonja nyama tangu nizaliwe. Lakini mwaka huu nimekuwa nikiomba nyama yako inunuliwe."

Ndegwa naye akacheka. Obura alikuwa kidirishani kama kawaida.

"Lakini zilitoka kwako hizo pesa," Obura akasema. "Wewe ndiye ulisema. Laisensi, kiberiti, kila kitu. Si zingebaki tu kwako?"

Ndegwa alilitafakari. Ulikuwa mchana mkavu, vumbi la upande wa Menengai likipita barabarani, na Makokha alikuwa ameketi mbele ya jiko lililozimwa, akilifagia ingawa lilikuwa safi.

"Zingebaki kwangu zingelala," akasema hatimaye. "Mimi nikishika pesa nafikiria ploti. Naziweka. Mama Achola akizishika anafikiria mbavu. Sasa niambie, kati yangu na Mama Achola, nani anamlisha Makokha?"

Obura akarudisha kichwa kibandani mwake. Makokha naye, aliyekuwa anasikiliza, alisimamisha ufagio.

Jumatano ile naibu wa chifu aliitisha baraza uwanjani, na afisa wa huduma za jamii akaja kueleza. Alikuwa msichana mpole, amechoka, na alieleza vizuri: mfumo ni mpya, kila mzee afike mwenyewe katika kituo cha kuandikishia, upande wa pili wa mji, aweke vidole kwenye mashine. Aliposema upande wa pili wa mji, wazee waliguna. Baadhi yao hawakuwa wamefika huko tangu reli ilipowalipa mshahara wa mwisho. Akauliza kama kuna swali. Ndegwa akajikuta amesimama.

"Mimi ni mtu wa nyama," alisema. "Mambo ya serikali siyajui. Lakini mnaita hizi pesa za wazee, na mimi naona mnakosea jina. Mzee anazishika asubuhi, jioni hanazo. Zimepita. Zimepita kwangu, zimepita kwa Pranav, zimepanda mpaka Olenguruone kwa mama ananiuzia ng'ombe, naye amezileta tena hapa mjini kununua mabati. Na kila mahali zinapita nyinyi mnakata kipande chenu. Sasa zimesimama, sote tumesimama. Huyu Makokha ana watoto. Hajawahi kupokea pesa za wazee hata siku moja, lakini zilipokatika, zimekatika kwake."

"Si ni wewe ulikuwa unasema ni za kuota jua?" mtu akapaza sauti kutoka nyuma, na ilikuwa sauti ya Obura. Uwanja mzima ukacheka, maana nani asiyejua maneno ya kile kidirisha.

"Nilisema," Ndegwa akajibu. "Leo nasema hivi. Madam, hicho kituo kinafunguliwa saa ngapi?"

Kulipopambazuka alikuwa nje ya nyumba za reli na pikapu, ameiosha na kuitandika magodoro. Pranav alikuja na gari la binamu yake, na Fancy akaketi mbele akiwa na thermosi ya chai ya Obura, aliyoitoa bure, jambo ambalo watu walilizungumzia siku nyingi baadaye. Wazee waliingia wakishikana mikono, wamevaa kama watu wa kwenda kanisani. Mkubwa wao wote alikuwa Mzee Maxwel, aliyekuwa mlinzi wa garimoshi la mizigo, yule wa behewa la mwisho ambaye mluzi wake ndio ulioruhusu safari, mtu mrefu, mkimya, ambaye jina lake lilikuwa kwenye kimoja cha vile visanduku vyeupe.

Foleni ilikuwa ndefu lakini ilisogea. Tatizo likatokea kwa Mama Achola. Alibonyeza kidole kwenye kioo cha mashine, mashine ikakataa. Akabonyeza kingine, ikakataa. Karani alimpangusa vidole kwa kitambaa, wakajaribu vyote kumi, na vyote vilikataliwa. Maisha yote ya kufua mashuka ya hosteli yalikuwa yamevisugua vikawa laini na vikavu kama karatasi.

"Mama, hapa mashine haioni mtu," karani akasema. Hakuwa na ubaya. Alikuwa anasoma tu kilichoandikwa kwenye kioo.

"Haioni mtu," Mama Achola akarudia. Akavikunja vidole vyake, akarudi kuketi kwenye benchi ya wanaosubiri.

Ndegwa alitoka nje. Kwenye pikapu alikuwa na kopo la mafuta ya ng'ombe aliyoyayeyusha mwenyewe, ambayo alijipaka mikononi kila asubuhi, kwani maji ya chumvi yalikuwa yakimpasua ngozi. Alirudi nalo, akapiga goti mbele ya Mama Achola kwenye ile benchi, akachukua mkono wake, akaanza kumsugua kidole kimoja kimoja, taratibu, kama vile Makokha anavyogeuza nyama.

"Unanifanya nini, Ndegwa?"

"Nakulainisha. Ngozi ikikauka inajificha. Tulia."

Waliokuwa kwenye foleni walianza kucheka, kisha wakaacha kucheka, kisha mmoja mmoja wakanyoosha mikono yao wakiomba kidogo. Walipumzika hapo mpaka mafuta yakaingia. Fancy akavipangusa vidole vya Mama Achola kwa leso, akampeleka tena kwenye mashine. Kidole cha kwanza kikakataliwa. Cha pili kikakataliwa. Kidole gumba cha kushoto mashine ikakifikiria kwa muda, halafu taa ikageuka kijani.

"Ameonekana," karani akasema, naye akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Baadaye akamwuliza Ndegwa kwa sauti ya chini kama anaweza kumwachia lile kopo, kwa ajili ya wengine. Ndegwa akamwachia.

Pesa hazikuja kesho yake, wala wiki iliyofuata. Lakini zilikuja, na za miezi iliyopita zikiwa ndani. Simu zililia nyumba hadi nyumba asubuhi moja, na Ndegwa alijua kabla ya kuambiwa, kwa kuwa alisikia milango ikifunguliwa. Alimpigia Cheptanui. Cheptanui akamwambia asimalize kusema, lori liko njiani, na yule kijana wa zizi anakuja nalo, hajawahi kuiona Nakuru.

Siku ya kwanza wazee walilipa madeni yao kwa Pranav. Siku ya pili vile visanduku vyeupe vilifunguliwa buchani, kwa sababu wenyewe walikataa kupanda ngazi wakasema meno yaletwe penye kazi. Pranav aliweka meza yake kando ya mlango, mgongo ameuelekeza kwenye nyama, mbele yake sahani ya githeri ya Obura. Fancy alishika kioo kwa kila mmoja ajitazame. Makokha alikuwa na msaidizi sasa, mke wake mwenyewe, aliyekuwa akikata kachumbari na kulalamika kwamba benchi hazitoshi.

Wa mwisho kuvaa alikuwa Mzee Maxwel. Alikula, akamaliza, akanawa, akajipangusa mikono kwa makini. Halafu akatia vidole viwili kinywani. Ulitoka upepo mtupu. Wenzake wakamtazama. Akayasukuma meno kidogo kwa ulimi, akatia vidole tena, upepo ukatoka na kasauti kembamba ndani yake.

"Wacha, mzee, yatatoka," Pranav akasema kwa wasiwasi.

Mzee Maxwel akainua mkono mwingine kumnyamazisha. Alivuta pumzi, kifua kikapanda, akapiga. Ulikuwa mluzi wa mlinzi wa garimoshi, mrefu, mmoja, uliopita juu ya mabati ya nyumba za reli ukaenda mpaka upande wa stesheni. Mbwa wa mtaa waliinuka wote. Mtoto mmoja akaangusha mandazi. Na wale wazee kwenye benchi, waliokuwa wapaka rangi, wafuaji, wachochea makaa na wafunga mabehewa, wakaketi wima pale pale, mikono magotini, kama watu ambao safari yao imeitwa.